Kwa Mwendo wa Watoto



Katika sura ya 33 ya kitabu cha Mwanzo, Esau anamwalika ndugu yake Yakobo waandamane. Yakobo anakataa kwa upole. Watoto wake ni wadogo na mifugo yake inanyonyesha. Ikikimbizwa hata siku moja, itakufa. Yeye atafuata polepole, kwa kadiri watoto wanavyoweza kwenda. Habari hiyo tulikuwa tumeisoma mara nyingi. Maana yake tulifundishwa njiani.

Tuliwachukua watoto 22 wa Utoto Mtakatifu kwenda kuyaona maporomoko ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Huko maji huanguka yapata mita 170. Njia hupanda msituni, mizizi imetanda, na mawe huteleza. Sisi wakubwa tulitangulia kwa nyimbo. Tulipofika penye maji, tumelowa manyunyu na kujisifu kwamba tumewahi, tukawahesabu watoto. Walikuwa 21.

Ngurumo iliyotupendeza punde ikawa adui yetu, kwani tulipoita, ilizimeza sauti zetu. Tuliwaacha watoto na mwongozaji wa hifadhi, tukarudi mbio, kila mmoja akisali kimoyomoyo.

Katikati ya mteremko tulimkuta mtoto wa kike wa miaka 6, ameketi juu ya mzizi, kiatu kimoja mkononi. Kando yake alikuwapo katekista wetu mzee, ambaye hakuna aliyemwomba akae nyuma. Alikuwa akimmenyea chungwa. Mtoto akatuuliza, "Baba Padri, maji yamekwisha?" Katekista hakutulaumu. Alisema tu, "Tulikuwa tunakuja."

Tulipanda upya, mtoto yule akiwa mbele. Aliposimama kumtazama konokono, nasi tulisimama. Tulichelewa sana, lakini wote 22 walinawa nyuso zao kwa maji yale.

Ndugu wapenzi, kosa letu halikuwa kwenda haraka tu. Kosa letu lilikuwa kungoja tufike ndipo tuhesabu. Je, si ndivyo tufanyavyo parokiani? Mtoto asiyeshika sala upesi, mzee mkatekumeni asiyejua kusoma, mjane asiyeonekana jumuiyani kwa kuona haya kuwa hana mchango: tunagundua kwamba hawapo siku ya sherehe, nao walikwisha kuketi njiani zamani.

Ninyi wazazi na makatekista, mwekeni mdogo mbele, na mtu mzima mwenye subira nyuma. Hesabuni kila mnapopumzika. Na juma hili, kabla ya Jumuiya Ndogo Ndogo kukutana, kila mmoja wetu amkumbuke mmoja aliyebaki nyuma, arudi kumfuata. Asiende na lawama; aende na chungwa.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.