Mbwa na Mkanda wa Shingoni: Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye Mkutano wa Ushirika



Maneno haya yaliombwa yabandikwe ubaoni na wale ambao hawakuweza kufika mkutanoni. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, ila pale mvua ilipotukatiza juu ya bati tumeunga wenyewe.

Ajenda kubwa ilikuwa kahawa na magunia. Haya ya mbwa yaliwekwa chini kabisa, kwenye mengineyo. Yaliposomwa wapo waliocheka, eti Katibu mzima anasimama mbele ya watu kuzungumzia mbwa! Sawa, tucheke. Lakini mnajua wenyewe kwamba mtoto mmoja wa hapa kwetu amechomwa sindano za kichaa cha mbwa mwezi uliopita. Chanzo cha sindano zile ni mkanda uliofungwa shingoni mwa mbwa. Na chanzo cha mkanda ule ni sisi uongozi. Kwa hiyo tunaanza kwa kusema: waitu, tusameheni.

Tueleze tangu mwanzo. Msimu wa kahawa uliopita, kahawa imeanikwa kwenye mikeka, karibu kila mwenye kibanja alikuwa na mbwa uani. Sababu yake haina haja ya kuelezwa, maana mwizi wa kahawa haji na taa. Sasa, mbwa mmoja alikuwa akibweka tangu jua linapotua mpaka jogoo wa kwanza. Nyumba ya pili kulikuwa na mama mgonjwa, hapati usingizi. Malalamiko yakaenda kwa balozi, balozi akayaleta kwetu ofisini. Tulikaa kama dakika kumi tu. Tukaandika karatasi: "Mwenye mbwa amnyamazishe mbwa wake katika muda wa siku saba." Tukagonga muhuri. Hatukwenda kumtazama mbwa mwenyewe. Hatukuuliza anambwekea nani, wala amefungwa wapi. Tulifurahi kwamba shauri limekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Mwenye mbwa ni mtu mtiifu. Alimpigia simu kijana wake aliyeko mjini, na siku chache baadaye kikaja kiboksi kwa basi. Ndani yake mna mkanda, na kwenye mkanda kuna kidude cha betri chenye vijino viwili vya chuma. Wengi wenu mlikwenda kukitazama, na sisi tulikwenda. Inaitwa kola ya kuzuia kubweka. Kazi yake ni hii: vijino vinagusa ngozi ya koo. Mbwa akibweka koo linatikisika, kile kidude kinausikia mtikisiko, na papo hapo kinampiga umeme kidogo. Ziko nyingine zisizo na umeme. Kuna inayolia mlio, kuna inayotetemeka tu kama simu iliyozimwa sauti, na kuna inayompulizia mbwa harufu kali puani. Lakini iliyokuja kwetu ilikuwa ya umeme. Kijana mmoja aliishika mkononi akajikohoza juu yake, akairusha chini. Tukacheka sana siku ile.

Usiku wa kwanza kimya. Usiku wa pili kimya. Mgonjwa akalala. Tulimsifu mwenye mbwa mbele ya watu, tukasema huyu ndiye mfano. Hapo ndipo makosa yalipozaliwa mengine. Jirani wa upande wa pili wa barabara, ambaye hana kijana mjini, aliona kwamba siri iko kwenye kubana koo, basi. Akachukua waya wa kufungia nondo, akamzungushia mbwa wake mara mbili, akaukaza kwa koleo.

Tuanze na yule wa kola. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza, ikawekwa kabatini pamoja na risiti za kahawa. Mkanda haukuvuliwa usiku wala mchana kwa karibu mwezi mzima. Na katika ua ule mlikuwa na mbwa wawili, mkubwa na mdogo. Kumbe kola ile ni ya aina inayosikia sauti pia, si mtikisiko wa koo peke yake. Mdogo akibweka, mkubwa ndiye anayepigwa umeme. Jamani, hebu fikirini mtu anachapwa viboko kwa kosa la mwenzake, tena hajui kosa lenyewe ni nini! Mbwa yule aliacha kubweka, ni kweli. Halafu akaacha kutoka nyuma ya jiko. Halafu akaacha chakula. Sisi tulikuwa tukipita pale tukisema ametulia, amepata adabu.

Mtoto wa nyumba ile ndiye aliyekuwa akimlisha kila siku. Siku moja akamwona anajikuna shingo, akaingiza vidole chini ya mkanda ili amkune. Mbwa akamuuma mkono. Mbwa ambaye hajawahi kumuuma mtu. Mkanda ulipokatwa, pale penye vijino viwili palikuwa na matundu mawili, yanatoa usaha.

Mama wa mtoto alifanya jambo la akili, na tunamtaja kwa heshima ingawa jina hatuliandiki. Hakuweka majani, hakuweka mafuta ya taa, hakumtafuta mtu wa kumnyonya jeraha. Alimwosha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha wakaenda hospitali siku ile ile. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishatokea kwa binadamu, mtu huwa hapони tena. Ndiyo sababu daktari habahatishi. Mbwa yule hakuwa na cheti cha chanjo. Basi sindano zikaanzwa hapo hapo, na mbwa akatengwa kutazamwa siku 10, kwa kuwa mbwa aliyekuwa na ugonjwa huo kwenye mate siku aliyouma, hamalizi siku hizo akiwa mzima. Alizimaliza. Ugonjwa wake ulikuwa ni shingo tu. Lakini nauli za kwenda na kurudi, siku za kazi zilizopotea wakati wa palizi, na hofu ya ile familia, hizo hakuna wa kuzirudisha.

Chanjo yenyewe si jambo la jana. Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwaka 1885. Hapa kwetu bado tuna mbwa wasio na cheti, na wengine ni wa viongozi.

Yule wa waya tusiseme mengi. Alikuwa mbwa mchanga, bado anakua. Shingo ilinenepa, waya haukunenepa. Afisa mifugo alipofika nyama ilikuwa imeanza kuufunika waya, na harufu mliisikia ninyi mliokuwapo. Aliukata kwa koleo lile lile lililoukaza. Mbwa amepona, ila sauti yake sasa ni ya kukwaruza.

Baada ya hayo tulikwenda nyumbani kwa mwenye kola kuomba radhi. Alitukaribisha, tukatafuna kahawa yake kwanza kama desturi ilivyo, kisha akatutolea ile karatasi. Tukaipeleka kwenye darasa letu la kisomo. Sisi wenyewe ni wanafunzi wa darasa hilo na hatuoni aibu kulisema. Tuliisoma jioni tatu, mwanafunzi wa kidato cha tatu akitutafsiria, na sisi tukiandika kwa Kiswahili. Kila tulilolikosea lilikuwa limeandikwa mle, ndugu zangu! Mle kabatini, pamoja na risiti!

Inasema mkanda usikae shingoni zaidi ya saa 8 kwa siku, na usogezwe kila baada ya muda ili vijino visigande mahali pamoja. Shingo ioshwe na kukaguliwa kila siku, na ukiona wekundu au kidonda, mkanda uvuliwe mpaka papone. Usifunge kamba au mnyororo kwenye mkanda huo, kwa kuwa mbwa akivuta vijino vinazama. Kamba iwe na mkanda wake mwingine. Usimvalishe mbwa aliye chini ya miezi 6, wala mgonjwa, wala mwenye mimba. Uanze na nguvu ya chini kabisa, nawe uwepo ukimtazama. Na haimfai mbwa anayebweka kwa woga. Hilo la mwisho mwanafunzi wetu alilisoma mara mbili. Mbwa mwenye hofu ukimpiga umeme, anadhani maumivu yametoka kwa kile alichokiona mbele yake, mtu au mtoto, na anazidi kuogopa. Mbwa mwenye woga ndiye anayeuma.

Sasa je, tunapiga kola hizi marufuku? Wenzetu wa Wales, kule Uingereza, walizipiga marufuku za umeme mwaka 2010. Sisi tawi hatuna mamlaka hayo. Ila nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inakataza kumtesa mnyama, na ule waya ni mateso, hakuna tafsiri nyingine. Kuhusu kola, maoni yetu ni haya: mwenye nayo asiivalishe mbwa wa ulinzi usiku. Tunamlisha mbwa ili aseme usiku. Ukimfundisha kwamba kusema ni kupigwa, atakuja mwizi na mbwa atamtazama tu. Wazee wetu wawindaji walimfunga mbwa njuga shingoni ili wasikie yuko wapi kwenye majani ya rweya. Kitu cha shingoni kilikuwa cha kumwongezea sauti. Sisi tumekuja na cha kumnyang'anya.

Lakini yule mama mgonjwa naye alikuwa na haki ya kulala. Hili tusiliruke. Mbwa anayebweka usiku kucha bila sababu analeta ugomvi, na tena hana faida, kwa maana hata mwenyewe huzoea kelele asiamke. Dawa yake tuliiona tulipokwenda hatimaye kumtazama mbwa, kazi ambayo tungeifanya siku ile ya muhuri. Alikuwa amefungwa kando ya njia ya kwenda mtoni, kamba fupi, sufuria ya maji imepinduka. Kila mpita njia anambwekea, kila mbwa wa ng'ambo anamjibu. Na mchana kutwa yuko pale pale. Nani kati yetu angekaa kimya?

Amehamishiwa nyuma ya nyumba, upande wa mikeka, mahali asipoiona njia. Kamba imerefushwa, maji yamewekwa kwenye chungu kizito. Asubuhi anafunguliwa anatembezwa kibanjani. Na mtoto yule yule, mkono ukiwa bado na bandeji, amemfundisha neno moja. Mbwa akibweka, anaachwa abweke mara tatu nne, ndiyo kazi yake. Kisha mwenyewe anatoka, anatazama kweli kuna nini, anamwambia kwa sauti ya chini, "Basi." Akinyamaza hata kidogo, anapewa kichwa cha dagaa hapo hapo, si baadaye. Asiponyamaza, hapigwi wala hapigiwi kelele, kwani ukipiga kelele yeye anaona umekuja kubweka pamoja naye. Ilichukua kama wiki tatu. Afisa mifugo anasema wengine huchukua zaidi, na wako wachache ambao hawatajua kabisa. Dagaa ni bei, tumelisikia hilo kutoka kwa akina mama. Vichwa tu vinatosha.

Kuhusu mkanda wa kawaida: ngozi laini, katani iliyosukwa, au kipande cha mpira wa ndani wa tairi kilichopinduliwa pindo. Waya hapana, kamba ya nailoni nyembamba hapana. Vidole viwili vipite chini yake bila kulazimisha. Mbwa mchanga apimwe kila wiki, na siku iliyo rahisi kuikumbuka ni siku ya gulio.

Karatasi yetu ya siku saba tumeifuta, na nakala iliyofutwa imebandikwa hapa chini ili muione. Kuanzia sasa lalamiko la mbwa likija, balozi na mjumbe mmoja wa kamati wataanza kwa kwenda uani kumtazama, jioni, wakati anapobweka.

Jumamosi saa 3 asubuhi afisa mifugo atakuwa mbele ya ghala la ushirika kukagua shingo na kuandikisha mbwa wasio na chanjo. Mbwa aje na kamba, aletwe na mtu mzima, asiletwe na mtoto. Wenye waya walete koleo. Tafsiri ya ile karatasi, mwandiko wa darasa la kisomo, iko upande wa kulia wa ubao huu. Tafadhali msiinyofoe, tunayo moja tu. Na mwenye kola ameomba tutangaze kwamba anaigawa kwa yeyote anayetaka betri yake.



Katibu wa Tawi