Usawa wa Jinsia Ufike Kwenye Kikao cha Ukoo



Mada niliyopewa ni usawa wa jinsia na jinsi fikra zinavyobadilika kati ya wanawake na wanaume. Ni pana mno, kwa hiyo naomba niibane kwenye ardhi na mirathi, maana hapo ndipo maneno ya majukwaani hupimwa. Mwanamume anaweza kushangilia kwa moyo wote Siku ya Wanawake, Machi 8, akajivunia kwamba tangu Machi 19, 2021 nchi yetu, Tanzania, imekuwa na Rais mwanamke, na baada ya msiba akakaa na kaka zake wakakubaliana kwamba dada zao wasipewe shamba kwa kuwa wameshaolewa. Simwiti mnafiki. Mambo hayo mawili hajawahi kuulizwa siku moja, katika kikao kimoja.

Nianze na kesi ya Muleba, mkoani Kagera. Bibi Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, tena kwa wosia. Umri ukamtupa mkono, hakuwa na wa kumtunza, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakama ya mwanzo kutaka mauzo yabatilishwe. Hoja yake ilikuwa na mashiko kimila: kwa Wahaya, mwanamke aliyerithi shamba la ukoo alilitumia, hakuliuza. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana naye, ya wilaya ikatengua, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu pale Mwanza akaamua kwamba mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya haki za msingi zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984.

Hukumu hiyo inasifiwa sana, lakini sehemu yake moja husahaulika. Mwanamume wa Kihaya alipouza shamba la ukoo, ndugu zake walikuwa na haki ya kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Jaji akaiacha njia hiyo wazi kwa shamba la Bibi Pastory pia. Ukoo haukuvunjwa, na shamba halikufanywa bidhaa ya mnada. Kilichoondoka ni kipimo kimoja kwa kaka na kingine kwa dada. Wazee wanaposema usawa umekuja kuua mila, ningependa waisome hukumu hii kabla ya kuendelea.

Kesi ya pili ni ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inairuhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja za wanandoa. Swali lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulijibu: kupika, kufua, kulea na kuuguza ni juhudi, au ni wajibu wa mke tu? Mahakama ikasema ni mchango. Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa yake kwa sababu nyingine, lakini wanawake wengi waliokuja baada yake wamesimama juu ya jibu lile. Hata hivyo, zaidi ya miaka 40 baadaye, bado tunasikia mume akiulizwa mkewe anafanya kazi gani, na anajibu kwamba hafanyi kazi, yuko nyumbani tu. Sheria ilitangulia, mazungumzo ya nyumbani yamechelewa.

Upande wa mirathi ni mgumu zaidi, kwa kuwa nchi ina njia tatu: ya kimila, ya Kiislamu, na ile iliyorithiwa kutoka sheria ya India ya 1865. Kanuni za kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilimweka binti nyuma ya ndugu zake wa kiume, na mjane zikamwachia watoto wake wamtunze. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikawapa haki. Kwenye mirathi ya Kiislamu mafungu yanajulikana, na binti ana lake. Tatizo tunalolikuta ni kaka anayeishika Qur'ani kwa mkono mmoja na kulizuia fungu hilo kwa mkono wa pili.

Kwa ardhi ya vijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imesema wazi: mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake.

Sasa tuwasikilize wanaume, maana tumewahutubia mno. Tangu mkutano wa wanawake wa Beijing wa 1995, ulioongozwa na mama yetu Gertrude Mongella kama Katibu Mkuu wake, neno "Beijing" limetumiwa vijiweni kumnyamazisha mwanamke yeyote anayedai. Nyuma ya kejeli hiyo ipo hofu ya kweli. Kijana asiye na ajira bado anadaiwa mahari, kodi ya nyumba na heshima ya kichwa cha familia. Wapo pia wanaosema mtoto wa kiume amesahauliwa. Malalamiko haya yana uzito, nasi tusiyapuuze. Lakini fungu la dada halimpi kaka ajira, na kumfukuza mjane hakumwondolei shemeji madeni.

Katika vikao nilivyokaa, jambo lililowabadilisha wanaume ni swali la binti. Mzee aliyesema dada yake hana fungu huulizwa: binti yako akifiwa na mume, shemeji zake wakimtoa nje na watoto, utasemaje? Hapo husema bila kusita kwamba ni dhuluma. Basi dada yake naye ni binti wa mtu. Wengi hunyamaza kidogo, kisha huanza kuhesabu upya.

Swali hilo liulizwe mahali pa uamuzi. Mahakama za mwanzo kwa kawaida hutaka muhtasari wa kikao cha ukoo kabla ya kumteua msimamizi wa mirathi. Karatasi hiyo hubeba hatima ya mjane na mabinti, na mara nyingi huandikwa wakiwa jikoni wanahudumia wageni wa matanga. Nawaomba wazee msikubali muhtasari usio na majina na saini za mjane na mabinti. Nawaomba wajumbe wa mabaraza mwulize, kila hatimiliki ya kimila inapoombwa, kwa nini lisiwepo jina la mke. Wasaidizi wa kisheria, wafundisheni watu kuandika wosia wakiwa wazima. Na nyinyi wanaume mliomo humu, mkirudi nyumbani waiteni dada zenu, mzungumze nao kuhusu shamba la baba kabla baba hajafa.