Chapa ya Asali na Wanaoidhamini: Mtandao wa Biashara Ndogo Magamba, Mpanda

Katika kata ya Magamba, Manispaa ya Mpanda, mfanyabiashara mdogo wa asali hakosi asali. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una misitu mikubwa ya miombo, na nyuki wake hawana mgomo. Kinachokosekana ni jina. Asali iliyomwagwa kwenye ndoo ya lita 20 na kupakiwa kwenye lori huachana na aliyeirina hapohapo. Ikifika Dar es Salaam, mwenye duka huipa asili aitakayo, na mara nyingi huitaja Tabora.

Chapa ndiyo dawa inayotajwa haraka, na wengi hukimbilia kwa mchapaji wa lebo. Ila mchoro wa nyuki uko kwenye karibu kila chupa ya asali nchini. Chapa ni imani ya mnunuzi kwamba chupa ya pili itakuwa kama ya kwanza, na mnunuzi wa mbali hawezi kuwa na imani hiyo bila mtu au chombo cha kuidhamini. Hivyo kuijenga chapa ni kwanza kuwajua wadhamini.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza kwa nini watu wa kufahamiana kwa mbali huleta taarifa mpya kuliko marafiki wa karibu: wa karibu huzungukia watu walewale na kujua yaleyale. Magamba hali ni hiyo. Ndugu, majirani na wanakikoba hutoa mtaji, na kwenye msiba hawana mbadala. Lakini wanawajua wanunuzi walewale wa soko la Mpanda mjini. Wanaoweza kuipeleka chapa mbele ni afisa nyuki, afisa wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), mkaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), wakala wa mabasi, mpishi wa hoteli na mwenye duka wa mji mwingine.

Thamani yao huonekana vizuri kwenye suala la unyevu. Mrinaji mwenye haraka hukata masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta. Asali hiyo ina maji mengi; yakizidi asilimia 20, kiwango cha juu kinachokubalika kimataifa kwa asali ya kawaida, chachu huanza kazi. Kifuniko huvimba, povu hupanda, harufu huchachuka. Kipima unyevu ni kifaa kidogo cha mkononi: tone moja juu ya kioo, jicho kwenye lenzi, jibu linapatikana. Anayefahamiana na afisa nyuki hulipata jibu hilo kabla ya kujaza chupa. Asiyefahamiana naye hulipata kwa simu ya mteja. Mwenge wa moto wa kurinia nao huacha harufu ya moshi ambayo mrinaji ameizoea na mnunuzi wa mjini haitaki. Mpishi wa hoteli atalisema hilo siku ya kwanza, wakati shemeji hatalisema kamwe.

Taasisi nazo hufuatana. SIDO, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, hufundisha usindikaji na ufungashaji, na barua yake ya utambulisho humfungulia mjasiriamali mdogo utaratibu wa TBS wa kupata leseni ya alama ya ubora bila ada katika miaka ya mwanzo. Anayekwenda TBS bila kupitia SIDO anaweza kujikuta akilipia alichoweza kukipata bure.

Maonesho ya Nane Nane ya Nyanda za Juu Kusini, katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, huhukumiwa vibaya kwa mauzo ya siku. Faida yake ni daftari la namba za simu, nalo huoza upesi: namba isiyopigwa ndani ya wiki ni namba ya mgeni.

Mtandao wa wenye biashara moja una tabia yake. Jirani, wilayani Mlele, Chama cha Wafuga Nyuki cha Inyonga kilifanya kazi na shirika la Uswisi la ADAP, uhusiano ambao mrinaji mmoja asingeufikia. Lakini jina la pamoja huharibiwa na ndoo moja iliyotiwa maji ya sukari. Ndiyo maana kila ndoo hustahili namba ya aliyeirina, na kikundi kiwe na ubavu wa kumrudishia ndoo yake hata mwenyekiti.

Jina likishajulikana, huhitaji ulinzi. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) husajili alama ya biashara kwa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Usajili huo ni wa Tanzania Bara tu, na Zanzibar ina msajili wake. Vikundi vingi hubuni jina kwanza na kuahirisha swali la mmiliki. Jina hilo linapoandikishwa kwa mwanachama mmoja, akiondoka anaweza kuondoka nalo. Kikundi kinapaswa kwanza kujisajili chenyewe, kuomba alama kwa jina lake, na kuandika kwenye katiba nani ataitumia chapa hiyo wanachama wakigawanyika.