Gharama Isiyosomwa na LUKU

Msikilizaji, umeme hauchimbwi wala hauchotwi. Hufuliwa, na wa kuufua ni lazima atumie nguvu ya kitu kingine. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa kwenye waya wa shaba uliozungushwa mithili ya springi ya godoro, umeme hupita ndani ya waya huo. Mitambo ya maji ya Kidatu na Mtera inafuata kanuni hiyo hiyo, na ile ya gesi pale Kinyerezi pia. Tofauti ni kinachoizungusha. Gesi ikichomwa huacha hewa ya ukaa angani. Maji hayachomwi, yanapita na kwenda zake, ndiyo maana tumezoea kusema kwamba umeme wa maji ni umeme safi. Ninachokisema leo ni kwamba usafi huo ni nusu ya habari. Umeme wa maji nao una gharama yake, na gharama hiyo hubaki kule mtoni, mbali na mita ya LUKU. Isipohesabiwa kabla zege halijamwagwa, huja kulipwa baadaye kwa bei kubwa zaidi.

Ushahidi tunao nyumbani. Katika Milima ya Udzungwa, Mto Kihansi ulikuwa ukiporomoka kwa kishindo, na kishindo hicho kilirusha ukungu wa maji mchana na usiku kwenye kipande kidogo cha korongo. Ndani ya ukungu huo aliishi chura wa rangi ya dhahabu, mwenye urefu wa sentimita mbili hivi, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai. Hakuna mahali pengine duniani alipopatikana. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, kazi ya mradi wa bwawa la umeme mtoni humo ikiwa imeshaanza. Mitambo ya megawati 180 ilipowashwa, takriban asilimia 90 ya maji yaliingizwa kwenye handaki, na ukungu ukakauka. Hapo ndipo mbio zilipoanza: vyura kama mia tano wakapelekwa Marekani, katika bustani za wanyama zikiwamo za Bronx na Toledo, na korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuigiza kile ambacho mto ulikuwa ukikifanya bure. Vyura waliobaki waliongezeka kwa muda, kisha mwaka 2003 wakapukutika. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Alianza kurudishwa korongoni mwaka 2012, baada ya miaka ya kulelewa ughaibuni.

Wapo wanaosema kilichowamaliza ni kuvu inayosababisha ugonjwa wa ngozi ulioua vyura katika nchi nyingi, wala si bwawa. Kuvu hiyo ilikutwa kweli. Lakini ilimkuta kiumbe ambaye makazi yake yalikuwa yameshafinywa na uhai wake unategemea bomba. Aliyedhoofishwa hahitaji pigo kubwa.

Pingamizi zito zaidi ni lile la mitaani: chura au binadamu? Nalichukua kwa uzito, kwa sababu hospitali bila umeme si jambo la mzaha, na mama asiye na umeme wala gesi atapikia mkaa, na mkaa ni miti. Hata hivyo swali hilo lilikuja likiwa limechelewa, na kuchelewa ndiko kulikoligeuza kuwa ugomvi. Chura hakuhitaji mto wote, alihitaji ukungu. Angejulikana mapema, wahandisi wangepanga tangu mwanzo kiasi cha maji ya kuachwa yaporomoke, nasi tungekuwa na umeme pamoja na chura, bila gharama ya mabomba na safari za ndege. Kuhesabu mapema si kupinga mradi. Mhandisi anayepima udongo kabla ya kuweka msingi, nani humwita adui wa nyumba?

Maji ya Kihansi huingia Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji, ambako sasa limesimama Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115. Ukubwa wake unaipa nchi nafasi ya kupunguza gesi na dizeli, na hilo ni jema. Lakini chini yake kuna delta yenye msitu mkubwa wa mikoko, mazalia ya kamba, na mashamba yaliyozoea mafuriko na tope lenye rutuba. Bwawa lolote hushika tope, na hupanga upya majira ya mto. Bwawa limeshajengwa, ila lango lake hufunguliwa na kufungwa, na humo ndimo uamuzi ungali mikononi mwetu. Wenye dhamana wapime maji na tope vinavyofika delta, na wawatangazie wakulima na wavuvi wa Rufiji, Kibiti na Mafia vipimo hivyo kila msimu.