MAZUNGUMZO KWA WATUNZA KUMBUKUMBU: MWENDO WA DISKI ZA PAMOJA



Diski pepe, ambayo kompyuta ya ofisi huidhania kuwa yake peke yake, kwa hakika ni fungu tu la diski nyingi zilizomo katika ghala moja la mtandao. Mfano wake ni Mtaa wa Kongo, Kariakoo: mikokoteni ya maduka yote hupita njia moja, na mmoja ukikwama, mwenye duka la mbali hukosa mzigo asijue sababu.

Kwa hiyo haitoshi kupima nafasi iliyobaki. Ipimwe pia foleni ya maombi, na muda wa kila ombi kujibiwa. Diski izungukayo mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3 hivi, majibu yakichelewa milisekunde 100 mfululizo, yamkini foleni imezidi au diski mojawapo inaugua. Vipimo viandikwe kila siku, ili hali ya kawaida ijulikane mapema. Wengi wetu hungoja mpaka mwananchi alalamike dirishani!

Hata hivyo, vipimo si badala ya nakala. Tarehe 10 Julai, 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku. Nakala ziwekwe jengo jingine, na zijaribiwe kusomwa kila mwezi.