Kungoja Bila Kuwazuia Wengine: Funksheni za Asinkroni kwenye Seva Zinazohudumia Nyanda za Juu za Kigoma



Mkulima wa Gwarama, hapa Kakonko, anapolipia pembejeo kwa simu, kazi inayofanywa na seva ni ndogo mno. Kusoma ombi, kuhakiki namba ya mkulima, kuandika mstari mmoja kwenye kanzidata: ukivijumlisha, havifiki hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Muda wote unaobaki ni wa kungoja. Seva inangoja kanzidata ijibu, inangoja kampuni ya simu ipokee ombi la malipo, inangoja ujumbe mfupi ukubaliwe. Nimekuja kusema jambo moja: programu ya seva inayohudumia watu wa huku ni programu ya kungoja kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na anayeiandika hana budi kutenganisha kungoja kwa sekunde mbili na kungoja kwa dakika kumi. Funksheni za asinkroni zimetengenezwa kwa ajili ya kule kwa kwanza. Zikibebeshwa kule kwa pili, fedha za watu huingia mashakani.

Nachukua mbolea ya ruzuku kuwa mfano kwa sababu kila aliyekaa humu anaijua. Tangu msimu wa 2022/23 mkulima husajiliwa na kupewa namba, na wakala huitumia namba hiyo kuhakiki mgawo kabla ya kuuza. Tuseme sisi wenyewe tunaandika mfumo wa aina hiyo kwa ushirika mmoja wa hapa Kakonko. Ombi moja la wakala linahitaji mambo matatu kutoka nje ya programu yetu: kusoma mgawo kwenye kanzidata, kupeleka ombi la malipo, na kutuma ujumbe mfupi. Tuyakadirie milisekunde 20, sekunde 2 na milisekunde 800. Kazi ya prosesa yenyewe tuipe milisekunde 5.

Seva ya mtindo wa zamani hutenga uzi mmoja kwa kila ombi, na uzi huo haugusi kingine hadi ombi liishe. Ukiwa na nyuzi 10, unamaliza maombi kama matatu na nusu kwa sekunde. Mvua za kwanza zikinyesha na mawakala wa kata zote wakaingia asubuhi moja, wa kumi na moja anasimama foleni, ilhali prosesa yako imekaa bure asilimia 98 ya muda. Kuongeza nyuzi kunasaidia kidogo, lakini kila uzi hudai kumbukumbu yake. Linux kwa kawaida huutengea nafasi ya hadi megabaiti 8, hata kama haitumiki yote, na seva tunazomudu kukodi ni zile za gigabaiti 1 au 2.

Funksheni ya asinkroni inavunja ndoa hiyo kati ya ombi na uzi. Mhudumu wa mapokezi kwenye kituo cha afya hamsindikizi mgonjwa maabara na kusimama naye hadi majibu ya malaria yatoke. Anamwandikia karatasi, anamwita anayefuata, na majibu yakirudi anaendelea na yule wa kwanza pale alipomwachia. Neno await ndani ya msimbo hufanya hivyo hivyo. Funksheni ikilifikia, inahifadhi mahali ilipofika pamoja na vigeu vyake, inauachia uzi, na mzunguko wa matukio unachukua kazi nyingine iliyo tayari. Jibu likifika kutoka nje, funksheni inaamshwa na kuendelea na mstari unaofuata. Uzi mmoja unaweza kuwa na maombi elfu yanayongoja kwa wakati mmoja, kwa sababu ombi linalongoja halili chochote zaidi ya kumbukumbu kidogo.

Historia yake naipitia kwa haraka. Mwaka 1999 Dan Kegel aliuliza hadharani kwa nini seva moja ishindwe kuhudumia wateja 10,000 kwa pamoja. Igor Sysoev akatoa seva ya nginx mwaka 2004, na Novemba 2009 Ryan Dahl akaonyesha Node.js mjini Berlin. Node ya mwanzo iliwalazimisha watu kuandika funksheni ndani ya funksheni ndani ya funksheni, hadi msimbo ukasomeka kwa shida. Dahl alikuwa ameweka ahadi, yaani kitu kinachowakilisha jibu litakalokuja baadaye, kisha akaziondoa Februari 2010. Mwaka 2018 alisimama jukwaani na kusema anajutia uamuzi huo. C# ilipata async na await mwaka 2012, Python 3.5 mwaka 2015, na JavaScript mwaka 2017. Faida kubwa ya maneno hayo mawili, kwa maoni yangu, ni kwamba yameturudishia msimbo unaosomeka toka juu kwenda chini.

Sasa umbali. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy ukafuata mwaka 2010, na wengi wetu tukazoea kukodi seva Ulaya. Mwanga ndani ya mkongo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000 ni milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, kabla ya vifaa vya njiani kuongeza zao, na hakuna msimbo utakaopunguza hesabu hiyo. Seva ya Frankfurt ikiuliza kitu Dar es Salaam mara nne, swali moja baada ya jingine, milisekunde 400 zimekwenda kwa safari peke yake. Hapo ndipo watu huandika await nne mfululizo na kushangaa kwamba "asinkroni" yao haina kasi. Kama maswali hayategemeani, yaanzishe yote kwanza ndipo uyangoje kwa pamoja: Promise.all kwenye JavaScript, asyncio.gather kwenye Python. Kusoma mgawo na kusoma bei ya siku kunaweza kwenda sambamba. Kudai malipo na kupunguza mgawo hakuwezi.

Nayo sambamba ina mpaka. PostgreSQL isipobadilishwa hukubali miunganisho 100. Nimeona msimbo unaochukua orodha ya wakulima wote wa kata na kuirushia kanzidata maulizo yote kwa mpigo mmoja, kwa kuwa lugha inaruhusu. Wakati wa nyuzi, uchache wa nyuzi ulikuwa breki hata kama hukuiomba. Ukiingia kwenye asinkroni breki hiyo imeondoka, na ni wewe wa kuirudisha: weka kikomo cha maulizo 10 au 20 kwa wakati mmoja, mengine yangoje zamu.

Jambo linalonisumbua zaidi kwa vijana tunaowafundisha ni imani kwamba ukiandika async mbele ya funksheni, imekuwa asinkroni. Haijawa. Uzi ni mmoja. Ukiweka ndani yake kazi nzito ya prosesa, kama kusoma faili kubwa la Excel lililoletwa na ofisi ya kata au kukokotoa bcrypt ya nywila kwa njia inayozuia, kila aliyeunganishwa anasimama, pamoja na yule aliyetaka kujua salio tu. Kwenye FastAPI ya Python kosa hili huumiza zaidi. Funksheni ya kawaida, isiyo na async, hupelekwa kwenye kundi la nyuzi za pembeni na haimzuii mtu. Funksheni yenye async hukimbia kwenye mzunguko wenyewe. Ukiita ndani yake maktaba ya requests, ambayo haijui kuachia uzi, umewafungia wote. Kwa hiyo aliyeandika async bila kuelewa ana mfumo mbaya kuliko asiyeiandika kabisa. Tumia httpx au aiohttp, na kazi nzito zipeleke kwenye prosesi nyingine.

La pili ni mgongano. Watu husema uzi ukiwa mmoja hakuna mgongano. Fikiria mkulima aliyebakiwa na mifuko miwili. Wakala wa kwanza anasoma mgawo, anaona miwili, anafika kwenye await ya malipo. Wakati anangoja, wakala wa pili anaingia na namba ileile, naye anasoma miwili. Wote wanarudi, wote wanauza. Kila await ni mlango ambao dunia inaweza kubadilika upande wa pili wake. Ulichosoma kabla yake usikiamini baada yake. Ukaguzi na upunguzaji vifanywe na kanzidata kwa amri moja: punguza mifuko miwili pale ambapo mgawo haupungui miwili, kisha angalia kama kuna mstari uliobadilika.

Sasa nifike kwenye malipo, ambako ningependa tukae kidogo.

Kumwomba mteja alipe kwa simu yake kuna hatua mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni mashine kuzungumza na mashine: seva yako inapeleka ombi, mfumo wa malipo unajibu kwamba umelipokea. Ya pili ni binadamu: simu inatoa mlio, mama anaitoa kwenye khanga, anasoma, anamwita mwanawe amsomee tena, anakumbuka namba ya siri, mnara unapotea kwa dakika moja, anabonyeza. Hatua ya kwanza ni kazi halali ya await. Ya pili siyo, na haitakuwa.

Wenzetu wa Kenya wana Daraja, mlango wa wasanidi wa M-Pesa uliofunguliwa na Safaricom mwaka 2017, na umbo lake linafundisha vizuri. Ukituma ombi la kumtokezea mteja kisanduku cha namba ya siri, unajibiwa papo hapo kwa ResponseCode 0 na kitambulisho cha ombi. Sifuri hiyo maana yake ombi limepokelewa. Hakuna aliyelipa. Matokeo huletwa baadaye, kwenye anwani uliyoitoa, yakiwa na ResultCode: 0 kama amelipa, 1032 kama ameghairi. Mtu akiichukua sifuri ya kwanza kuwa malipo, atatoa mbolea bure. Mfumo wa malipo ya Serikali hapa kwetu, GePG, una umbo hilohilo: taasisi hupeleka ankara, hupata uthibitisho wa kupokelewa, kisha kumbukumbu namba yenye tarakimu 12 huletwa kwa wito mwingine, na taarifa ya malipo kwa wito mwingine tena, pengine siku kadhaa baadaye. Hata DHIS2, mfumo unaobeba takwimu za afya za MTUHA, ukiingiza data nyingi kwa njia ya asinkroni hukurudishia kitambulisho cha kazi na kukuacha uje uulize imefikia wapi.

Mifumo yote hii imekubaliana kwamba jambo lenye kuchukua dakika haliwekwi ndani ya kumbukumbu ya programu inayokimbia. Funksheni iliyosimama kwenye await inaishi kwenye RAM. Umeme ukikatika, seva ikiwashwa upya, au wewe mwenyewe ukipandisha toleo jipya saa sita mchana, funksheni zote zilizokuwa zinangoja zimekufa bila kuacha alama, na mama aliyebonyeza namba ya siri amekatwa fedha ambazo mfumo wako haujui zilikuwa za nini. Kwa hiyo andika kwanza kwenye kanzidata, hali yake "inangoja". Tuma ombi, pokea kitambulisho, kihifadhi, mjibu wakala mara moja kwamba ombi limekwenda, funga. Taarifa ikija, ni ombi jipya kabisa linaloingia: linatafuta mstari kwa kitambulisho, linabadilisha hali, linaondoka. Taarifa hiyo inaweza kuja mara mbili, basi namba ya muamala iwekewe sharti la upekee ili ya pili isiongeze kitu. Inaweza pia isije kabisa, hivyo weka kazi ya kila dakika chache inayotafuta mistari iliyokaa "inangoja" kupita kiasi na kuuliza hali yake upande wa pili.

Kwa await zile halali, kila moja iwe na muda wa mwisho. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja, intaneti nchini ilizorota vibaya. Huduma iliyokufa hukurudishia kosa upesi na unajua la kufanya; huduma inayojikokota hukuwekea maelfu ya funksheni zilizosimama hadi kumbukumbu inajaa. Kwa ombi la malipo naweka sekunde 10. Zikipita, hali inabaki "inangoja", haiandikwi "imeshindwa", kwa sababu ombi linaweza kuwa limefika na ni jibu tu lililopotea njiani.

Na usisahau await yenyewe. Ukiiacha kwenye JavaScript, funksheni inaanza na hakuna anayepokea kosa lake. Node tangu toleo la 15, la Oktoba 2020, huiangusha prosesi nzima pale ahadi inapovunjika bila mshikaji. Wengi walilalamika. Mimi naona ni heri, maana anguko linaonekana kwenye kumbukumbu za seva, lakini malipo yaliyopotea kimya yanaonekana tu mkulima anaporudi dukani na ujumbe wake wa simu mkononi.

Mchana tutafanya kazi kwa vitendo. Kila kundi litapewa msimbo wa ushirika wetu wa kubuni na seva moja ya Linux. Tutatumia netem, zana ya Linux, kuongeza ucheleweshaji wa milisekunde 800 kwenye mtandao na kupoteza sehemu ya pakiti, ili seva iishi maisha ya huku badala ya yale ya kompyuta ya darasani. Wa Python wawashe hali ya uchunguzi ya asyncio, inayoripoti kila hatua iliyoushikilia uzi zaidi ya milisekunde 100. Wa Node wapime kwa monitorEventLoopDelay. Mawakala wa kuigiza watatuma maombi, na katikati yake nitaizima seva bila kutoa taarifa. Kundi litawasha tena, kisha litanionyesha kwenye kanzidata kila malipo yaliyokuwa njiani, ni ya nani na yamefikia wapi.