Mtungi Unaotoka Jasho

Wasikilizaji, katika nyumba nyingi za mwambao wa Afrika Mashariki, kabla ya majokofu kuenea, mtungi wa maji ulikaa kwenye kona yenye kivuli, juu ya mchanga, na kata pembeni yake. Ng'ambo ya bahari, nchini Oman, watu walitundika chombo cha udongo kiitwacho jahla mahali panapopita upepo. Mji wa Bahla unajulikana hadi leo kwa wafinyanzi wake. Adhuhuri, jua likiwa utosini, maji ya humo yalinyweka yakiwa baridi bila ya umeme wowote.

Siri yake ni jasho. Udongo uliochomwa bila ya kupakwa kitu una vitundu vidogo mno. Maji hupenya polepole hadi nje, yakageuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Nalo si joto dogo: lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto takriban mara saba ya lile linaloyeyusha kilo moja ya barafu.

Aliyeitoa mbinu hii kwenye maji ya kunywa na kuipeleka kwenye mboga, hata ikasikika duniani, ni mwalimu Mohammed Bah Abba wa kaskazini mwa Nigeria, mzaliwa wa ukoo wa wafinyanzi. Kuanzia mwaka 1995 alitumia vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, na kitambaa kibichi juu. Katika majaribio yake biringanya zilidumu siku 27 badala ya 3. Mwaka 2000 alitunukiwa Tuzo ya Rolex; alifariki dunia mwaka 2010. Lakini linalopita tuzo hiyo ni habari ya wasichana wa vijiji vile. Walikuwa wakitumwa kila siku kuuza mboga kabla hazijaoza, na mboga zilipoanza kudumu, baadhi yao walipata wasaa wa kwenda shule.

Mbinu hii ina masharti, nayo wanaoisifu huyasahau. Hutaka hewa kavu. Dodoma wakati wa kiangazi, au Nizwa, chungu hufanya kazi yake vyema. Mombasa siku za fukuto, au Muscat mwezi wa Julai hewa inaposhiba unyevu wa bahari, jasho hubaki juu ya chungu kama linavyobaki juu ya mtu, na ubaridi haupatikani. Lawama hapo hupewa mfinyanzi, bure kabisa!

Kosa jingine ni kukificha chungu kabatini, mbali na upepo, au kukipaka rangi ya mafuta ili kipendeze. Vitundu huziba, na kilichobaki ni pambo. Maji yenye chumvi nayo huviziba kidogo kidogo, kwa hiyo chungu husuguliwa kwa brashi na maji matupu, kwani udongo hunywa harufu ya sabuni. Mchanga humwagiliwa asubuhi na jioni.

Kwa muuza mchicha, ambaye fungu lisilonunuliwa magharibi huishia kwa mbuzi, hizo ni siku kadhaa za kungoja mnunuzi badala ya kuuza kwa bei ya kutupa. Samaki, nyama na maziwa ni jambo jingine: ubaridi wa chungu hauvitoshi, na barafu ingali inahitajika.